Sheikh Al-Amin na ufunguo wa chuo



Nawaandikia kutoka Matayos, kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Malori yanayopita hapa ni yale yale yanayotoka bandarini kwetu Mombasa, na mimi nimeyafuata kwa kazi ya kutoa mizigo forodhani. Jioni nasomesha watoto chuoni. Kwa miaka minne nimekuwa mwalimu, mshika fedha na mshika ufunguo. Mwezi uliopita malaria ikanilaza siku kumi na mbili, na siku zote hizo mlango wa chuo haukufunguliwa. Niliporudi, watoto hawakufika hata nusu. Hakuna aliyenilaumu, lakini kosa nililiona mwenyewe: nilikuwa nimejenga chuo cha mtu mmoja.

Hapo nikamkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Jina lake twalijua sote, ila maisha yake twayapitia juu juu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni aliyewahi kufungwa na Sayyid Barghash kwa sababu ya msimamo wake wa dini. Alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa bado mdogo sana. Yatima huyo akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye alimsomesha na baadaye akamwoza bintiye. Kisha akaenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, mabingwa wa zama hizo. Kwa hivyo, kabla hajamwinua mtu, yeye mwenyewe aliinuliwa na wengine. Nadhani hakulisahau hilo.

Aliporudi Mombasa angeweza kutosheka na heshima ya kuwa mwanachuoni. Wakati ule elimu ya dini ilikuwa kwenye vitabu vya Kiarabu, na watu wengi hawakuwa na njia ila kumsikiliza anayevisoma. Mwaka 1930 akatoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwahimiza Waislamu wasomeshe watoto wao, wa kike pia, wajifunze kazi za mikono, waache israfu katika harusi na matanga, na wachukue elimu mpya bila kuacha dini yao. Wako waliochukizwa, kwa kuwa aligusa mazoea ya watu. Lakini mvuvi au mwenye duka aliyejua kusoma sasa aliweza kuipima hoja mwenyewe, na kuijibu akitaka.

Mwaka huo huo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Cheo hakikumtoa kwenye kusomesha. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja naye huhesabiwa katika wanafunzi wake. Alianza pia kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Kazi hiyo hakuimaliza. Alifariki mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 56.

Sasa tazameni yaliyofuata. Mwaka 1963 Sheikh Muhammad Kasim akawa Kadhi Mkuu, na mwaka 1968 akafuatia Sheikh Farsy. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili, ya Sheikh Farsy, ambayo imo katika nyumba nyingi za Pwani na hata hapa Matayos. Na ile kazi ambayo mwalimu aliiacha njiani, Sheikh Muhammad Kasim ndiye aliyeihariri na kuitoa, zaidi ya miaka thelathini baada ya mauti yake. Watu hawa hawakuwa vivuli vya mwalimu wao. Kila mmoja aliandika vitabu vyake na akatetea rai zake, na wengine hadi leo hawakubaliani nao. Lakini mlango haukufungwa kwa kuwa mmoja amekufa.

Mimi si mwanachuoni, na chuo changu ni chumba kimoja cha mabati. Hata hivyo ufunguo ni ufunguo. Wiki mbili zilizopita nilichonga wa pili nikampa kijana wa Kikhayo aliyehitimu juzuu kumi. Yeye sasa ndiye anayewasomesha wadogo Juzuu Amma. Daftari la mahudhurio na sanduku la ada nimemkabidhi msichana wa darasa la juu, na hesabu zake ni safi kuliko zangu.

Siku ya kwanza yule kijana aliteleza kwenye tajwidi mara mbili. Ulimi uliniwasha. Nikanyamaza hadi watoto walipotoka, kisha nikamsahihisha tukiwa wawili. Siku ya pili hakuteleza.

Wazee wenzangu mnaosimamia misikiti, vyuo na vikundi vyetu huko nyumbani, nawaomba mjiulize hili kabla ya maradhi hayajawauliza: ukilala kitandani kesho, nani atafungua mlango? Kama jibu ni hakuna, basi mchonge ufunguo wa pili leo.