Stephen Paget na Swali la Ini na Bandama

Ukitaja jina la Paget kwa wenzetu wa udaktari, wengi watamkumbuka Sir James Paget, mpasuaji ambaye kuna ugonjwa wa mifupa unaoitwa kwa jina lake. Leo tumzungumzie mwanawe, Stephen, maana ndiye aliyeacha swali ambalo maabara za saratani zinahangaika nalo hadi leo.

Stephen alizaliwa Uingereza mwaka 1855. Alisoma Oxford, akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London, kisha naye akawa mpasuaji jijini humo. Kuwa mtoto wa mtu maarufu si mchezo. Lakini kazi iliyompa jina lake mwenyewe hakuifanya kwa kisu, aliifanya kwa kuhesabu.

Enzi hizo wengi waliamini kwamba saratani husambaa kibahati tu: seli zinabebwa na damu, zikinasa mahali zinaota hapo hapo. Paget hakuridhika. Alikusanya kumbukumbu za wagonjwa 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, yaani mafaili ambayo daktari yeyote angeweza kuyasoma. Akakuta saratani imefika kwenye ini kwa wagonjwa 241, lakini kwenye bandama kwa 17 tu. Sasa jiulize: ateri inayopeleka damu kwenye bandama ni kubwa kuliko ile ya ini. Kama ni bahati ya damu tu, mbona bandama inaachwa?

Mwaka 1889 alitoa jibu lake katika jarida la Lancet. Alifananisha seli ya saratani na mbegu, na kiungo cha mwili na udongo. Mbegu hupeperushwa kila upande, ila huota pale tu udongo unapoikubali. Wala hakudai kwamba wazo lote ni lake. Alimtaja Fuchs, aliyemtangulia. Sisi wazee wa kudesa tujifunze hapo.

Baadaye aliacha upasuaji, akaandika vitabu, na mwaka 1908 akaanzisha chama cha kutetea utafiti unaotumia wanyama. Alifariki mwaka 1926. Miaka miwili tu baadaye, bingwa wa Marekani, James Ewing, alishikilia kwamba mkondo wa damu unatosha kueleza kila kitu, na mbegu ya Paget ikawekwa kabatini. Iliyokuja kuitoa huko ni majaribio ya panya ya kina Isaiah Fidler, miaka ya 1970 na 1980. Wanyama aliowatetea utafiti wao ndio waliomtetea.

Leo mbegu inasomwa kwa molekuli. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba seli za saratani ya matiti hubeba kipokezi kiitwacho CXCR4, na kemikali inayokivuta imejaa kwenye mapafu, ini, uboho na tezi za limfu, sehemu zile zile saratani hiyo inakopenda kuhamia. Kuna pia HER2, protini ambayo ikizidi kwenye uvimbe huashiria saratani kali, na sasa ina dawa yake. Viashiria hivi si utabiri wa mganga. Vinampa daktari uwezekano, siyo uhakika. Lakini kwa mama aliyetolewa uvimbe juzi, uwezekano huo ndio unaosaidia kuamua kama atapewa dawa kali za miezi kadhaa, au ataepushwa nazo.