Baroni Le Roy, mlinzi wa jina la mvinyo wa Châteauneuf-du-Pape

Kila anayepitisha mzigo mpakani anakijua cheti cha uasili wa bidhaa: bila karatasi hiyo, mali yako inaweza kuhesabiwa kuwa ya kwingine. Ufaransa alikuwepo mtu aliyetumia zaidi ya miaka 40 kupigania suala hilo hilo upande wa mvinyo.

Baroni Pierre Le Roy de Boiseaumarié alizaliwa mwaka 1890. Alisomea sheria Montpellier, kisha akawa rubani wa kivita katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1919 alioa katika familia yenye shamba la Château Fortia, kijijini Châteauneuf-du-Pape, karibu na Avignon, kusini mwa nchi. Mwanasheria akageuka mkulima wa mizabibu.

Kijiji hicho kilikuwa na jina tangu karne ya 14, Mapapa walipokaa Avignon na Papa Yohane wa 22 akajenga ngome hapo. Mashamba mengi yamefunikwa na mawe ya mviringo yanayofyonza joto la jua mchana na kulitoa usiku. Upepo mkali wa kaskazini, uitwao mistral, huyakausha mashamba. Zabibu aina ya Grenache huiva zikajaa sukari, na mvinyo mwekundu hutoka mzito, wenye kileo kingi na harufu ya matunda na viungo.

Nguvu hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Wafanyabiashara waliununua kwa mapipa na kuupeleka Burgundy, uchanganywe na mvinyo hafifu wa huko. Wengine walibandika jina la kijiji kwenye mvinyo uliotoka kwingine kabisa. Mkulima halisi akabaki na bei ya kutupa.

Mwaka 1923 wakulima walimwendea baroni awaongoze dhidi ya uchakachuaji huo. Alikubali kwa sharti moja: wao wenyewe wawe wa kwanza kuwa waaminifu. Wakajiwekea kanuni kali. Mizabibu ipandwe tu kwenye ardhi kame inayoota mlavenda na zaatari. Aina za zabibu ziwe zilizokubaliwa. Zabibu mbovu zitupwe wakati wa mavuno. Kileo kisipungue asilimia 12.5.

Kuchora mpaka maana yake wengine wanabaki nje, na walioachwa nje hawakunyamaza. Kesi ilipanda mahakama hadi mahakama, na mwaka 1933 mipaka na kanuni zikathibitishwa.

Kilichoanzia kijijini kikawa cha taifa. Mwaka 1935 Le Roy, pamoja na seneta Joseph Capus, alishiriki kuanzisha mfumo wa Ufaransa wa kulinda majina ya asili ya mvinyo, unaojulikana kwa herufi AOC. Châteauneuf-du-Pape ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutambuliwa, mwaka 1936. Kuanzia mwaka 1947 aliongoza taasisi ya taifa inayosimamia majina hayo, hadi alipofariki mwaka 1967.

Hadi leo chupa nyingi za kijiji hicho zina nembo ya Papa iliyochomoza kwenye kioo chenyewe. Mnunuzi aliye mbali huilipia bei nzuri kwa sababu anaamini jina lililoandikwa chini yake. Imani hiyo ilianza siku wakulima walipokubali kukaguliwa wao kwanza, kabla ya kumshitaki mtu mwingine yeyote.