Krapf: Mtu wa sala aliyepanda Neno Rabai bila kuona mavuno

WATOTO wa shule nchini Kenya hufundishwa kwamba Johann Ludwig Krapf ndiye Mzungu wa kwanza kuleta habari za Mlima Kenya. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuja Afrika Mashariki kutafuta milima. Alikuja kuhubiri Injili, na kwa kipimo hicho cha kazi yake, alipoondoka Rabai mwaka 1853 waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Mtu aliyepoteza mke na watoto, akapungukiwa na afya, kisha akapata mavuno machache kiasi hicho, aliendeleaje kushika imani yake? Jibu limo katika mambo matatu ambayo Krapf hakuyaacha tangu ujana hadi usiku wake wa mwisho: kusoma Maandiko, kusali, na kukusanyika na wenziwe kumwabudu Mungu.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa bado mtoto, alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa miezi sita hivi. Katika kitanda hicho cha ugonjwa ndipo alipoizamia Biblia. Alipopona, alikuwa akiwasimulia wavunaji mashambani hadithi za Agano la Kale. Mhubiri alikwisha kuanza kazi kabla ya kwenda chuoni.

Alipata mafunzo katika chuo cha wamishonari cha Basel, nchini Uswisi, kisha akasomea elimu ya dini Tübingen. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na Chama cha Wamishonari wa Kanisa, CMS, cha Uingereza. Huko alitamani hasa kuwafikia Waoromo, lakini milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich katika mji wa Alexandria, Misri. Wakiwa safarini kurudi kazini, Rosine alijifungua jangwani kabla ya siku zake. Krapf alimbatiza mtoto huyo kwa jina Eneba, maana yake chozi, na hakuishi. Njia ya Ethiopia ilipozibwa kabisa, mmishonari huyo aliamua kuwatafuta Waoromo kwa kupitia pwani ya Waswahili.

Alifika Zanzibar Januari 1844. Seyyid Said, ambaye alikuwa Mwislamu, alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, hivyo atendewe wema. Mwezi Mei mwaka huo Krapf na mkewe wakahamia Mombasa.

Hakungoja ajenge nyumba ya ibada ndipo aanze kazi. Tarehe 8 Juni 1844, akiwa bado mwanafunzi wa Kiswahili, alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia kuisahihisha lugha yake ni kadhi wa Mombasa. Kwa hiyo sura za kwanza za Biblia katika Kiswahili zilipita mikononi mwa msomi wa Kiislamu, jambo linalofaa kukumbukwa kila inapodhaniwa kuwa dini hizi mbili zilikutana pwani kwa ugomvi tu.

Wiki tano tangu kazi hiyo ianze, msiba ukaingia. Rosine alijifungua binti mwanzoni mwa Julai, kisha akashikwa na homa kali. Krapf naye alikuwa hajiwezi kwa homa hiyohiyo. Rosine alifariki tarehe 13 Julai 1844, na siku chache baadaye mtoto akamfuata mamaye. Kama alivyoagiza mwenyewe, mama huyo alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili kaburi lake liwakumbushe wapita njia lile lililomleta katika nchi hiyo.

Mtu mwingine angepanda jahazi la kwanza kurudi kwao. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi hilo lilikuwa ishara ya kuanza kwa kazi, wala si mwisho wake. Kisha akarudi kwenye kalamu, kamusi na tafsiri.

Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, alijiunga naye Juni 1846. Baada ya kupata ridhaa ya wazee wa Rabai, walihamia huko tarehe 25 Agosti mwaka huohuo. Wote wawili walikuwa wagonjwa, na punda alikuwa mmoja. Hapo wakajenga makao, wakawafundisha watoto na kuwaita majirani kwa ibada ya Jumapili. Wengi waliwasikiliza kwa adabu kisha wakarudi kwenye mila za kaya zao, ambazo Krapf hakuzielewa vyema sikuzote na alizihukumu kwa ukali. Aliyetangulia kuamini hakuwa mzee wa kaya wala tajiri. Alikuwa Mringe, mlemavu maskini, ambaye alibatizwa akiwa katika kitanda cha mauti.

Safari za bara zilimpa jina. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani kwa mtemi Kivoi, aliuona Mlima Kenya. Lakini safari ya mwaka 1851 ilikaribia kumuua. Msafara ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Kwa kukosa chombo, alijaza maji ya mto katika mitutu ya bunduki yake na kuiziba kwa nyasi. Alitembea usiku, akajificha mchana, akisali aokolewe. Alifika Rabai akiwa hoi.

Afya ilipomshinda, alirudi Ulaya mwaka 1853, ila hakuiacha kazi. Mwaka 1854 kilichapishwa Tübingen kitabu chake cha Kiswahili cha sala za asubuhi na jioni, kutoka Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza. Ni ajabu ya imani kumwandalia ibada ya kila siku mkusanyiko ambao ulikuwa bado haujapatikana. Mwaka 1862 alirejea kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, kisha akarudi tena Ujerumani. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, akiwa amepofuka.

Mwaka huo wa 1875 ndipo hali ilipobadilika. CMS ilianzisha Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, katika upande uleule wa bara alikozikwa Rosine, na kanisa la Rabai nalo likaanza kukua. Krapf, akiwa mzee katika mji wa Korntal, alizipata habari hizo akiwa hai. Watu waliolijaza kanisa hilo hakuwahi kuwahubiria, lakini walikuta lugha imekwisha kuandikwa kwa herufi za Kirumi, Maandiko yamekwisha kuanza kutafsiriwa, na mahali pa ibada pamekwisha kutengwa.

Usiku wa tarehe 26 Novemba 1881 alikwenda kulala kama kawaida. Asubuhi yake alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameaga dunia akiwa katika sala. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata.

Lahaja ya Kimvita aliyoiandika siyo iliyochaguliwa baadaye kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tafsiri zake zilifuatwa na nyingine bora zaidi. Hilo halimpunguzii kitu. Muumini anayefungua Biblia ya Kiswahili Jumapili, awe Mombasa, Dodoma au Bukavu, yumo katika njia iliyoanza kufyekwa siku ile ya Juni 1844. Aliyeifyeka hakujua ni nani wangeipita. Alijua tu kwamba sura ya kwanza ilikuwa imekwisha, na kesho yake ilikuwa zamu ya sura ya pili.