Simon Kimbangu mbele ya mahakama ya kijeshi

Sisi wa Lac Vert tunamkumbuka Simon Kimbangu, mzaliwa wa Nkamba, aliyebatizwa na Wabatisti mwaka 1915. Mwaka 1921 alihubiri na kuombea wagonjwa. Wabelgiji wakaita jambo hilo kosa dhidi ya usalama wa serikali. Mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu kifo, raia asiyeshika silaha, bila wakili. Mfalme Albert alibadili adhabu kuwa kifungo cha maisha. Alifia gerezani Elisabethville mwaka 1951, baada ya miaka 30.

Nasi Kivu ya Kaskazini, hali ya kuzingirwa ilipotangazwa Mei 2021, kesi za jinai za raia zilipelekwa kwa majaji wa kijeshi. Usalama tunautaka. Lakini tuwatembelee wafungwa, na tuombe wapewe wakili na hakimu wa kiraia.