Samuel Plimsoll: Mbunge aliyewapigania mabaharia hadi meli zikachorwa mstari

YEYOTE aliyepata kusimama gatini katika Bandari ya Mombasa na kuitazama kwa makini meli ya shehena, bila shaka ameiona alama hii ubavuni: duara lililokatwa katikati na mstari wa mlalo, na kando yake mistari mifupi iliyopangwa kama vidato vya ngazi, yenye herufi TF, F, T, S na W.

Kwa mpita njia, hayo ni mapambo tu. Kwa baharia, huo ndio mpaka kati ya kufika salama na kuzama.

Duara hilo hujulikana kote duniani kama alama ya Plimsoll, kwa heshima ya Mwingereza ambaye hakuwa nahodha wala mjenzi wa meli, bali mfanyabiashara ya makaa ya mawe aliyeingia Bungeni na kukataa kunyamaza.

Samuel Plimsoll alizaliwa mjini Bristol mnamo Februari 10, 1824. Baadaye jamaa yake ilihamia kaskazini mwa Uingereza na hatimaye ikalowea Sheffield. Aliacha shule angali kijana, akawa karani katika kiwanda cha kutengeneza bia, na kwa bidii yake akapanda ngazi hadi akawa meneja.

Mnamo 1853 alifunga safari hadi London akauze makaa ya mawe. Biashara hiyo ilianguka, akafilisika na kulazimika kulala katika nyumba za kupanga walimoishi makabwela. Huko alijionea jinsi vibarua walivyosaidiana hata pale walipokuwa hawana kitu. Mambo yalipomnyookea na kumtajirisha, hakuwasahau.

Mwaka wa 1868 alichaguliwa mbunge wa Derby kwa tiketi ya chama cha Liberal.

Majeneza yanayoelea

Enzi hizo bahari ilikuwa kaburi la mabaharia wa Uingereza. Baadhi ya wenye meli walizishindilia shehena hadi sitaha ikakaribia kulingana na maji. Vyombo vikuukuu vilipakwa rangi, vikabadilishwa majina na kurudishwa baharini. Watu wakaviita majeneza yanayoelea.

Kibaya zaidi, meli ingeweza kukatiwa bima ya thamani inayoipiku meli yenyewe. Mwenye meli alipata faida ikifika, na hakupata hasara ikizama. Hasara iliwaangukia wajane na mayatima.

Naye baharia alikuwa amebanwa na sheria. Akishatia sahihi mkataba, kisha akaiona meli ni mbovu au imelemewa na kukataa kuipanda, alihesabiwa mhalifu. Wengi waliishia gerezani kwa kosa la kuogopa kufa.

Wazo la kuweka mstari wa kikomo cha shehena halikuwa lake Plimsoll. Kabla yake alikuwapo James Hall, mwenye meli kutoka eneo la mto Tyne, aliyekuwa akidai meli zikaguliwe na zichorwe mstari huo. Plimsoll alilichukua wazo hilo na kulipa sauti.

Miswada yake ya kwanza iligonga mwamba, kwani Bungeni walikuwamo pia wenye meli. Alipoona hivyo, aliamua kuwaendea wananchi. Mwaka wa 1873 alichapisha kitabu kuhusu masaibu ya mabaharia kilichoitikisa nchi nzima. Kuna mambo aliyoyaandika kwa hasira kuliko ushahidi, na wenye meli wakamshtaki kwa kuwachafulia majina. Hata hivyo, mwaka huo huo serikali ililazimika kuunda tume ya kuchunguza suala hilo.

Siku ya ghadhabu

Kilele cha vita hivyo kilikuwa Julai 22, 1875. Siku hiyo Waziri Mkuu Benjamin Disraeli alitangaza kwamba serikali inauondoa mswada wa usalama wa meli ili kupisha shughuli nyingine.

Uvumilivu ulimwishia Plimsoll. Aliinuka, akawaita waovu wabunge waliokuwa wakituma mabaharia kifoni, akatikisa ngumi mbele ya Spika na kukataa katakata kufuta kauli yake. Akaamriwa atoke nje.

Wiki moja baadaye aliliomba Bunge radhi kwa mwenendo wake, lakini hakuyakana madai yake. Kufikia wakati huo mikutano ya hadhara ilikuwa imeshaanza kufanywa mijini kumuunga mkono. Serikali ikasalimu amri na kupitisha haraka sheria ya muda, na mwaka wa 1876 ikafuata sheria kamili iliyoagiza kila meli ichorwe mstari.

Ushindi huo ulikuwa na kasoro kubwa: mwenye meli ndiye aliyechagua mahali pa kuuchora. Yasimuliwa kwamba kuna nahodha aliyeuchora kwenye bomba la moshi kwa dhihaka. Ilichukua hadi 1890 ndipo sheria ikawanyang'anya wenye meli hiari hiyo.

Plimsoll alikuwa ameshakiachia kiti chake cha ubunge tangu 1880. Hata nje ya Bunge aliendelea kuwatetea mabaharia, akawa rais wa chama chao cha wafanyakazi, na akapiga vita pia mateso ya ng'ombe waliosafirishwa melini. Alifariki Folkestone mnamo Juni 3, 1898.

Maana ya herufi

Mstari wake ulivuka mipaka ya Uingereza. Mkataba wa kimataifa ulitiwa sahihi mwaka wa 1930, na nafasi yake ikachukuliwa na ule wa 1966.

Herufi hizo ni vifupisho vya Kiingereza. S ni kikomo cha majira ya joto, W cha majira ya baridi kali, na T cha bahari za tropiki. F ni maji yasiyo na chumvi, na TF ni maji ya aina hiyo katika tropiki. Meli zisizozidi urefu wa mita 100 huwa na alama ya WNA, yaani majira ya baridi katika Atlantiki ya Kaskazini, ambayo ndiyo ya chini kabisa. Kadiri bahari inavyotarajiwa kuchafuka, ndivyo meli inavyotakiwa kubeba kidogo. Maji yasiyo na chumvi nayo ni mepesi, hivyo chombo huzama zaidi hata kama mzigo haukuongezwa.

Katika biashara ya kukodi meli, mstari huo ni pesa. Kifupisho DWT ni jumla ya uzito ambao meli yaweza kuchukua, yaani shehena, mafuta, maji na vyakula, na kwa kawaida hupimwa hadi mstari wa S. Mkodi hutaka kila tani anayoweza kupata, kwani nauli nyingi hulipwa kwa tani. Kishawishi ni kile kile cha zama za Plimsoll. Tofauti ni kwamba sasa kuna mstari unaoonekana na kila mtu.

Nasi tunayajua machungu ya kikomo kisichoheshimiwa. Feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 29, 1994, watu 272 waliangamia. MV Bukoba ikafuata katika Ziwa Victoria mnamo Mei 1996, kisha MV Spice Islander I huko Zanzibar mnamo Septemba 2011. Vyote vilikuwa vimebeba kupita kiasi.

Rangi pekee haiokoi mtu. Plimsoll aliupigania mstari. Kuutii ni kazi iliyoachiwa walio hai.