Daktari Trowell na Watoto wa Miguu Iliyovimba

Huenda jina la Daktari Hugh Trowell hulijui, lakini kwashakoo waijua. Huyu ni mmoja wa waliohangaika nayo.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1904, akasomea udaktari, na mwaka wa 1929 akaja Kenya kuitumikia serikali ya kikoloni. Akakutana na watoto wadogo, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, ngozi yachunika, hawachezi wala hawacheki. Usiyejua utadhani mtoto kanona, kumbe ni maji!

Huku Pwani wako wazee wakimwona mtoto kama huyo husema kabemendwa, yaani wazazi wamevunja miiko. Wamijikenda huita chirwa. Basi mama ndiye hubebeshwa aibu, na mtoto azidi kudhoofika.

Trowell naye alikosea, kwa njia ya kisomi. Mwaka wa 1935 alihamia Mulago, Kampala, na kwa miaka mingi alishikilia kuwa ule ni pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini. Akawapa vitamini, watoto wakazidi kufa. Na kumbe daktari wa kike, Cicely Williams, alikwisha ueleza ugonjwa huo Gold Coast (Ghana ya leo) mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akautangaza kwa jina la Waga: maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuzaliwa mdogo wake. Wale mama walijua zamani! Mwishowe Trowell alikubali, na mwaka wa 1954 yeye, Davies na Dean wakatoa kitabu kizima juu ya kwashakoo. Hapo namvulia kofia.

Mtoto akiachishwa ziwa akapewa uji mtupu, muhogo au matoke peke yake, tumbo hushiba lakini mwili haupati cha kujengea. Leo wataalamu wasema si protini tu, hata kuhara na maradhi mengine yamo. Tena siku 1000 za mwanzo, tangu mimba, zikiharibika, kimo na akili ya kusoma huwa vigumu kurudi.

Baadaye Trowell alirudi kwao akawa kasisi, akaandika pamoja na Burkitt juu ya hasara ya vyakula vilivyokobolewa. Alifariki mwaka wa 1989.

Pale Mulago, mwaka wa 1965 kilifunguliwa kituo cha Mwanamugimu. Mama hufundishwa kupika kitobero: matoke pamoja na maharagwe, njugu au samaki, vyote kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Mie sijakionja, lakini samaki na kunde hata sokoni kwetu Likoni zipo.