Dario wa Tatu: Kondoo Mume Asiye na wa Kumwokoa

Soma Danieli 8:3-7. Katika madarasa yetu tumezoea kumpita haraka kondoo mume ili tumfikie beberu na pembe yake kubwa, yaani Aleksanda Mkuu wa Makedonia. Leo tumtazame mfalme aliyekuwa kwenye kiti cha Uajemi kondoo mume alipoangushwa. Ni Dario wa Tatu, wala si Dario Mmedi wa habari ya tundu la simba.

Alitawazwa mwaka 336 KK, baada ya towashi Bagoas kuwaua kwa sumu wafalme wawili waliomtangulia. Bagoas alipoona kwamba huyu naye hatawaliki, akamwandalia kikombe kama kile. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba Dario alipata habari mapema, akamlazimisha towashi akinywe mwenyewe. Huyo hakuwa mtu legelege.

Novemba 333 KK alikutana na Aleksanda huko Issus, kwenye uwanda mwembamba kati ya bahari na milima, ambapo wingi wa jeshi lake haukumfaa kitu. Aleksanda akaelekeza wapanda farasi wake mahali mfalme aliposimama garini. Dario akakimbia. Aliacha nyuma joho lake na upinde wake. Akawaacha pia mama yake Sisygambis, mke wake, mabinti wawili na mwana mdogo. Wengi humwita mwoga kwa sababu hiyo. Mimi husita, kwa kuwa mfalme akikamatwa ufalme wote umekwisha. Lakini mama ni mama. Darasa lenu lingemhukumuje?

Aliandika barua kuwaomba jamaa zake, akaahidi fedha nyingi na, baadaye, nchi zote zilizo magharibi mwa mto Frati. Aleksanda akakataa. Mke wa Dario akafia mikononi mwa Wamakedonia.

Safari ya pili Dario alichagua mahali mwenyewe: uwanda mpana wa Gaugamela, akausawazisha ili magari yake yenye mapanga magurudumuni yapite. Tarehe 1 Oktoba 331 KK pengo lilitokea katika safu zake, Aleksanda akapenya, na mfalme akakimbia tena. Mwaka uliofuata Bessus, liwali wake wa Baktria, alimfunga pamoja na wenzake, wakamchoma mikuki na kumwacha njiani. Ninaposoma mwisho wa aya ya 7 humwona yeye, peke yake, akiuawa na watu wake mwenyewe.

Aleksanda alimkuta amekwisha kufa, akaagiza azikwe kwa heshima ya wafalme.

Sisygambis alikuwa ameachwa Shushani, mji uleule wa maono ya Danieli, akitunzwa kama malkia. Inasimuliwa kwamba mwaka 323 KK, zilipomfikia habari za kifo cha Aleksanda, alikataa chakula, akafa siku ya tano.